Kupita na Kukaa: Mhadhara juu ya Vesta, Ceres na Pluto



Katika mwaka 2015 vyombo viwili vilivyoundwa kwa mikono ya wanadamu vilizifikia sayari kibete mbili ambazo hapana chombo kilichopata kuzifikia kabla yake. Chombo kiitwacho Dawn kiliwasili Ceres tarehe 6 Machi, na chombo kiitwacho New Horizons kikaipita Pluto tarehe 14 Julai. Na kwa kuwa ada ya walimwengu ni kumshangilia apitaye kwa kishindo kuliko aingiaye taratibu akaketi, Pluto ndiyo iliyopata kurasa za mbele za magazeti na Ceres ikapata za ndani. Sikuja hapa jioni hii kuitweza Pluto, wala kuwatweza waliotumia miaka tisa na nusu ya safari kwa ajili ya kuitazama muda mfupi. Nimekuja kutetea hoja moja tu, nayo ni kwamba katika kuyajua magimba madogo ya mbinguni kukaa kuna faida ambayo kupita hakuwezi kuileta, na kwamba kukaa huko kuliwezekana kwa sababu ya injini ambayo, kwa nguvu zake, isingeweza hapa duniani kukiinua hata kitabu kutoka mezani.

Ceres ilionekana kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1801, siku ya kwanza ya karne ya kumi na tisa. Padri Giuseppe Piazzi, mwanafalaki wa Palermo katika kisiwa cha Sisilia, alikuwa akitengeneza orodha ya nyota, kazi ya subira na ya kuchosha ambayo humlazimu mtu arudie nyota ile ile usiku baada ya usiku, akaona nukta ya mwanga ambayo haikuwamo katika orodha ya waliomtangulia, na ambayo usiku wa pili ilikuwa imekwisha sogea. Aliifuata hadi tarehe 11 Februari. Kisha nukta ile, ambayo maradhi yalikuwa yamekwisha mzuia kuiandama kama alivyotaka, ikazama katika mng'aro wa jua, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua ingezukia wapi. Ndipo Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24 huko Ujerumani, alipoichukua ile mishahada michache ya Piazzi na kuikokotoa njia nzima ya gimba lile kwa hesabu aliyoibuni mwenyewe; na tarehe 31 Desemba ya mwaka ule ule Franz von Zach akaelekeza darubini yake karibu na pale palipotajwa na hesabu, akaikuta.

Iliitwa sayari, na katika vitabu ilikaa na cheo hicho nusu karne hivi. Lakini Pallas ilipovumbuliwa mwaka 1802, na Juno mwaka 1804, na Vesta mwaka 1807, na baadaye nyingine zikafuatana, zote katika uwanja mmoja baina ya Mirihi na Mshtarii, wanafalaki waliona jamaa wamekuwa wengi kupita heshima, wakaziita zote asteroidi, jina ambalo William Herschel alikuwa amelileta tangu 1802. Ceres ikashuka pamoja na wenziwe. Mwaka 2006, katika mkutano wa wanafalaki wa kimataifa mjini Prague, ikapandishwa kuwa sayari kibete kwa kura ile ile iliyoishusha Pluto hadi daraja hiyo. Wino mwingi umemwagwa juu ya kura hiyo, nami naona mwingi wake umepotea bure, kwani Ceres ilikuwa na kipenyo cha kilomita 940 hivi kabla ya wajumbe kuinua mikono, na haikuongezeka hata shubiri moja walipoishusha mikono hiyo.

Lililokuwa la maana zaidi kuliko cheo ni kwamba Ceres na Vesta, ambazo kwa uzito ndizo kubwa kuliko asteroidi zote, ni mabaki ya siku za mwanzo kabisa, miaka bilioni 4.5 iliyopita, wakati sayari zilipokuwa zikijengeka, na kwamba ijapokuwa zimekaa jirani hazifanani asilani. Vesta ni kavu, imeyeyuka zamani na kuganda tena kama jiwe la volkano. Ceres ni nyepesi kwa kipimo cha ukubwa wake, jambo lililowatia wataalamu dhana kwamba ndani yake mna maji mengi yaliyoganda. Yeyote aliyetaka kujua kwa nini majirani wawili wa rika moja walikua kwa tabia mbili alilazimika kuwatembelea wote wawili, na si kuwatupia jicho njiani, bali kuwazunguka, kuwapima uzito na kuwapiga picha mchana wao wote.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Roketi ya kawaida huchoma fueli nyingi kwa dakika chache, kisha hunyamaza, na chombo hubaki kuserereka kwa kasi iliyopewa. Kikitaka kuingia katika mzunguko wa gimba sharti kichome tena ili kupunguza mwendo, na kikitaka kutoka na kwenda kwa jirani sharti kichome mara ya tatu, na huko nako mara ya nne. Fueli ya kuchoma mara zote hizo ingekuwa mzigo usiochukulika. Wahandisi wa maabara ya Jet Propulsion Laboratory huko California, chini ya uongozi wa kielimu wa Christopher Russell wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakachagua injini ya ayoni. Injini hiyo haiunguzi kitu. Hupewa zenoni, gesi nzito isiyopenda kuungana na kitu kingine, na umeme utokao katika mabawa ya kupokea mwanga wa jua, ambayo kwa Dawn yalienea karibu mita 20 kutoka ncha hadi ncha. Chembe za gesi zikishatiwa chaji ya umeme huvutwa kupitia nyavu za madini zenye vitundu vidogo vidogo, zikatupwa nje kwa kasi iwezayo kufika kilomita 40 kwa sekunde, mara kumi hivi ya kasi ya moshi wa roketi ya kawaida. Lakini chembe zenyewe ni chache, kwani injini ikifanya kazi kwa ukomo wa uwezo wake hutumia zaidi kidogo tu ya robo kilo ya gesi kutwa kucha, na msukumo wake ni sawa na uzito wa karatasi moja iliyolazwa juu ya kiganja cha mkono.

Chombo kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Kwa msukumo huo wa karatasi, kilihitaji takriban siku nne kuongeza mwendo wake kwa kilomita 90 kwa saa, mwendo ambao basi la kwenda bara huupata kabla halijauacha mji. Lakini huko hapana hewa wala msuguano wa kumnyang'anya msafiri alichokichuma jana, na injini iliyosukuma leo iliendelea kesho, na kesho kutwa, na mwezi ujao. Hadi mwisho wa safari injini za Dawn, ambazo zilikuwa tatu zikifanya kazi kwa zamu, moja baada ya moja, zilikuwa zimesukuma kwa muda wa saa 51,385, karibu miaka sita kamili, zikakibadilishia chombo mwendo wake kwa kilomita 11.5 kwa sekunde, kiasi kinachokaribia kile kilichotolewa na roketi kubwa iliyokiondoa duniani kwa ngurumo na moto. Zenoni yote iliyochukuliwa tangu mwanzo ilikuwa kilo 425.

Safari hiyo ilikaribia kufa kabla ya kuzaliwa, kwani mnamo Machi 2006 shirika la NASA liliifuta kwa sababu ya gharama na matatizo ya ufundi, kisha ndani ya mwezi ule ule, baada ya rufaa, likairudisha. Dawn kiliondoka Cape Canaveral tarehe 27 Septemba 2007, kikapita karibu na Mirihi mwezi Februari 2009 ili kikopeshwe mwendo na mvutano wake, na tarehe 16 Julai 2011 kikanaswa na mvutano wa Vesta. Nasema kikanaswa, lakini mtu aliyezoea kusikia habari za vyombo vifikapo kwenye sayari kubwa, dakika zile ambazo wahandisi husimama wakiziba pumzi kwa kuwa injini isipowaka kwa wakati wake kila kitu kimepotea, angestaajabu kuambiwa kwamba siku ile injini ya Dawn ilikuwa ikisukuma vile vile kama ilivyosukuma jana yake, na kwamba saa ya kunaswa yenyewe ilijulikana kwa hesabu tu.

Kikakaa Vesta miezi kumi na minne hivi. Huko kusini kikapima kasoko iliyopewa jina la Rheasilvia, ambayo upana wake, kilomita 500 hivi, unakaribia upana wa Vesta nzima, na katikati yake umesimama mlima wa zaidi ya kilomita 20, urefu ambao Kilimanjaro haiufikii hata ikiwekwa mara tatu. Pigo lililolichimba shimo hilo liliacha mifereji mirefu kuizunguka ikweta ya Vesta, kana kwamba gimba zima lilitaka kupasuka likakataa. Chini yake kukaonekana mabaki ya kasoko kongwe zaidi, Veneneia, dalili kwamba pigo kubwa halikuwa moja. Na mawe yaliyorushwa na mapigo hayo yalikwenda wapi? Mengine yalikuja kwetu. Tarehe 27 Juni 1931 kimondo kilianguka karibu na Tatahouine, kusini mwa Tunisia, vipande vyake vya kijani vikaokotwa na kugawanywa katika makumbusho. Na jiwe hilo ni la kabila moja na vimondo vingine vingi ambavyo wanafalaki, tangu mwaka 1970 walipoulinganisha mwanga wao na mwanga wa Vesta, walishuku kuwa vimetoka huko. Dawn kiliiondoa shaka kwa kuyapima madini ya Vesta kutoka karibu. Hali kadhalika, kwa kuangalia jinsi mwendo wa chombo ulivyobadilika kidogo kidogo kila kilipozunguka, wataalamu walitambua kwamba ndani ya Vesta mna kiini cha chuma chenye upana wa kilomita 220 hivi, yaani gimba lile dogo lina tabaka za kiini na koti na ganda kama dunia yetu. Kipimo cha namna hiyo hapana mpitaji anayeweza kukipata kwa ukamilifu, kwani hutaka mizunguko mingi ya karibu, mmoja ukiusahihisha mwingine.

Mwezi Septemba 2012 kikaaga. Miaka miwili na nusu ya njiani kuelekea Ceres haikuwa ya raha. Ndani ya chombo mlikuwa na magurudumu manne yaliyozungushwa kwa umeme, ambayo kazi yao ni kukigeuza chombo kielekee kinapotakiwa bila ya kutumia fueli. Moja liliharibika Juni 2010 na la pili Agosti 2012, na mawili yaliyobaki hayakutosha kwa kazi hiyo peke yao. Ikabidi kukigeuza kwa mipulizo midogo ya moshi wa haidrazini, fueli ambayo akiba yake ilikuwa ndogo, na tangu hapo kila mgeuko wa chombo ulihesabiwa kama bahili ahesabuvyo senti. Kisha mnamo Septemba 2014 chembe moja ya mionzi ya angani, kitu kisichoonekana hata kwa darubini, ilipenya ikavuruga umeme wa chombo, injini ikanyamaza muda wa siku nne kabla ya wahandisi kuituliza na kuiwasha tena. Kwa roketi ya kawaida siku nne za kimya si kitu. Kwa injini ambayo nguvu yake yote ni kutokukoma, siku nne zilizopotea haziwezi kufidiwa kwa kukaza mwendo, kwa sababu hapana mwendo wa kukaza. Hivyo njia nzima ya kuikabili Ceres ikabidi ichorwe upya, na kuwasili kukachelewa kama mwezi mmoja. Nawatajia mkasa huu ili msije mkadhani ninaisifu injini ile bighairi ya kuiona aibu yake.

Chombo kilipokaribia, mapema mwaka 2015, picha zilionyesha katika kasoko moja nuru mbili nyeupe zilizong'aa katika ardhi nyeusi kama makaa. Watu walisema mengi. Wengine walisema barafu, wengine volkano, na wako waliosema, nusu kwa mzaha, kwamba ni taa za wenyeji. Maabara yenyewe iliwaruhusu watu wapige kura juu ya jambo lile, mchezo usio na madhara. Picha za mbali hazikuweza kukata shauri. Ilibidi Dawn kishuke ngazi baada ya ngazi, kutoka maelfu ya kilomita hadi chini ya kilomita 400, kikipita juu ya kasoko ile, iitwayo Occator na yenye upana wa kilomita 92, mara nyingi na kwa miangaza mbalimbali, ndipo kifaa cha Kiitaliano cha kuuchambua mwanga kilipotoa jibu: weupe ule, kwa sehemu kubwa, ni sodiamu kaboneti.

Jina hilo lisiwatishe. Ni magadi. Ni jamaa wa karibu wa yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi huko Kenya na yanayotanda kandokando ya Ziwa Natron huko Tanzania, na ambayo wapishi wetu huyatia katika chungu cha kunde ili ziive upesi. Tena si ujamaa wa sura tu, bali wa asili: kwetu maji yenye chumvi iliyoyeyushwa katika miamba hububujika kutoka chini, jua likayakausha, magadi yakabaki; na Ceres, ambako hapana hewa ya kuyazuia maji yasitoweke, maji ya chumvi yalipanda kutoka chini kupitia nyufa, yakatoweka, na chumvi ikabaki juu kama ukoko. Kasoko ya Occator ina umri wa miaka milioni 20 hivi, lakini ukoko mweupe ni mchanga zaidi, wa miaka milioni chache tu, na baadhi yake pengine ni mchanga kuliko hivyo. Mwaka 2018, chombo kilipokuwa karibu kumaliza akiba yake na hapakuwa tena na la kuogopa, kiliteremshwa hadi kufika kilomita 35 tu juu ya ardhi ya Ceres, na picha na vipimo vya miezi ile ya mwisho, vilivyochapishwa mwaka 2020, vilionyesha kwamba chini ya Occator, kwenye kina cha kilomita 40 hivi, mna hodhi ya maji ya chumvi yenye upana wa mamia ya kilomita. Juu yake ikaonekana pia chumvi ya kawaida iliyoshika maji ndani yake, ambayo mahali pakavu kama pale haiwezi kudumu sana kabla ya kukauka, kwa hiyo kuwapo kwake kwaashiria kwamba maji yamepanda karibuni, na yamkini yangali yanapanda.

Hapo pana gimba la kilomita 940, lisilo na sayari kubwa karibu yake ya kulifinyanga na kulitia joto kama Mshtarii inavyoutia joto mwezi wake Europa, na ambalo kwa hesabu zote za zamani lilipaswa kuwa limeganda kabisa tangu dahari, nalo lingali na maji ndani. Sababu moja ni chumvi zenyewe, kwani maji yenye chumvi nyingi hukataa kuganda hata katika baridi kali. Mlima Ahuna, wenye kimo cha kilomita 4 hivi, umesimama peke yake katika uwanda, nao wasemwa kuwa ni volkano iliyomwaga matope ya chumvi na barafu badala ya moto. Karibu na kasoko ya Ernutet pakaonekana, mwaka 2017, misombo ya kaboni ya namna ile ambayo viumbe hai hutumia, ijapokuwa si ushahidi wa viumbe hai.

Kwa kuwa Ceres ni jina la mungu wa kike wa kilimo wa Warumi, kanuni ya wanafalaki ni kwamba mahali pake papewe majina ya miungu ya mazao na sikukuu za mavuno za mataifa yote. Ndiyo maana kasoko moja huitwa Dantu, kwa jina kutoka Ghana, na kilima kimoja kikapewa jina la Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Wamarekani weusi mwaka 1966 kwa kuyafikiria matunda ya kwanza ya shamba. Hivyo Kiswahili kina kilima chake huko juu, wala hapana Mswahili aliyekiomba.

Sasa na tuitendee Pluto haki. New Horizons kiliipita kwa mwendo wa kilomita 14 kwa sekunde, na kusimama kusingewezekana, kwani fueli ya kukisimamisha isingebebeka. Kuwataka waliokituma wakae Pluto ni kuwataka wasiende kabisa. Katika muda ule mfupi kiliona uwanda wa barafu ya nitrojeni wenye upana wa kilomita elfu moja, unaofurukuta polepole kutoka chini kwa joto dogo la ndani, na kandoni mwake milima ya barafu ya maji yenye kimo cha maelfu ya mita, na habari zote hizo zilichukua hadi Oktoba 2016 kutufikia. Lakini Pluto huzunguka juu ya mhimili wake kwa siku sita na saa kadhaa, na mpitaji alikuwapo siku moja. Kwa hiyo upande mmoja tunaujua kwa ufasaha, na wa pili tunaujua kama mtu amjuavyo jirani aliyemwona mara moja kwa mbali wakati wa magharibi. Kila swali lililozushwa na picha zile, na ni mengi, halina wa kuulizwa tena.

Dawn kilinyamaza tarehe 31 Oktoba 2018, haidrazini ilipokwisha na kikawa hakiwezi tena kuielekeza antena yake duniani. Hakikuangushwa juu ya Ceres, ingawa hiyo ingekuwa kazi rahisi, kwa sababu mahali penye maji na misombo ya kaboni hapafai kutiwa vijidudu vya duniani vilivyojificha katika chuma. Kiliachwa katika mzunguko ambao wahandisi walihakikisha kuwa hautaanguka kwa miaka 20 kwa uchache, na wanatumaini 50 au zaidi.

Mfano wake umefuatwa. Tarehe 13 Oktoba 2023 chombo cha Psyche kilirushwa, nacho pia chasukumwa kwa zenoni na umeme wa jua, kielekee asteroidi ya jina hilo hilo yenye upana wa kilomita 220 hivi, ambako chatarajiwa kufika Agosti 2029 na kukaa. Gimba hilo lashukiwa kuwa na chuma kingi, pengine kiini cha gimba kubwa lililovunjwa zamani. Na Watanzania waliokwenda Mbozi kukitazama kile kimondo cha chuma cha tani 16 wamekwisha gusa kwa mikono yao kitu cha namna hiyo, kipande cha moyo wa gimba ambalo halipo tena. Nao Umoja wa Falme za Kiarabu umetangaza chombo cha kuondoka mwaka 2028 kuzipita asteroidi sita na kuishia katika ya saba, Justitia, ambako kitakaa.

Ama Ceres, mwaka 2022 wataalamu wa Marekani waliopewa kazi ya kupanga safari za miaka kumi ijayo waliiweka miongoni mwa mahali pastahilipo kwendewa tena, na safari hii kutua, kuchota udongo na kuurudisha. Lau ningeulizwa mimi, ningekituma chombo hicho Occator kabla ya kutuma kingine chochote Pluto. Njia ni fupi, jua huko lingali linatosha kuyalisha mabawa ya umeme, na magadi yako juu ya ardhi, hayahitaji kuchimbwa. Na ndani ya punje zake, kama maji yale yalipata kuwa na vuguvugu la kutosha kwa muda wa kutosha, alama za hali hiyo zitakuwa zimeganda pamoja na chumvi.